Sindano ya Ijumaa na Kifungo cha Kanzu

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimemchoma mke wangu Somoe tena. Paja la kulia, palepale. Sindano nimeitoa frijini nikaikimbiza chumbani kama changu aliyetoka barafuni. Miaka thelathini nimeuza samaki, najua kitu cha baridi ukikichelewesha kimeoza. Dawa imeshajazwa humo ndani, kazi yangu kufinya ngozi na kusukuma. Akauma meno, akamtukana marehemu bibi yangu. Nikasugua kwa nguvu, dawa isambae. Sista wa kliniki alieleza mengi siku ya kufundishwa. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu, alivaa ushungi mpya.
Leo baada ya sindano akanifunga kifungo cha kanzu, hiki cha shingoni. Ijumaa ya tatu mfululizo! Kabla ya dawa hii baridi yabisi ilimkunja vidole kama makucha ya kaa. Mwaka mzima nimeswali shingo wazi kama mhuni. Kujifunga mwenyewe naweza. Sitaki. Miaka arobaini na moja anafunga yeye.

Jumapili, 12 Oktoba
Paja limetoka doa jekundu, kubwa kama kitumbua. La moto. Linawasha. Tumekubaliana ni korosho. Jana alibangua zile za shamba letu la Naliendele, kanga ikalowa mafuta ya maganda. Yale huunguza, kila mtu hapa Mtawanya ana kovu lake. Nikampaka mafuta ya nazi, polepole kuliko ilivyohitajika.
"We mzee, doa liko huku."
Najua liko wapi.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nimechoma. Palepale, pembeni kidogo. Korosho nimezificha juu ya kabati.

Jumamosi, 18 Oktoba
Doa limerudi. Kubwa zaidi. Korosho hajazigusa wiki nzima. Basi ni sindano. Na sindano ni mimi. Nimeogopa.

Ijumaa, 24 Oktoba
Amekataa. "Baba Zuhura, nimechoka kuunguzwa. Afadhali vidole viume, nimevizoea." Nikamwambia basi nitaoa mke wa pili, dawa nimchome yeye. Siku zote hunirushia kandambili. Leo hakurusha kitu.
Sikumbembeleza. Nilifurahi kidogo kwamba leo simuumizi. Aibu yangu.

Jumatatu, 3 Novemba
Ijumaa mbili bila dawa. Asubuhi ameangusha kikombe cha chai. Viungo vya vidole vimevimba, vinang'aa. Juzi Ijumaa alikijaribu kifungo, kikamshinda, akajifanya ameitwa jikoni. Hakuna aliyemwita. Tunaishi wawili.
Nimelia chooni. Mzee mzima.

Jumanne, 4 Novemba
Kliniki. Nimevaa shati langu la heshima, lile la kupigia kura, maana mshtakiwa ni mimi. Sista akatazama paja, akanigeukia.
"Babu, ukiitoa frijini unaichoma baada ya muda gani?"
"Hapohapo," nikajibu kwa majivuno. "Haipotezi hata chembe ya baridi."
Akamwita mwenzake aje asikie.
Kumbe nimekuwa nikimsukumia mke wangu barafu nyamani. Sista akasema sindano ikae nje nusu saa, mbali na jua, nisiipashe kwa kitu chochote. Mahali nibadilishe kila wiki: paja hili, paja lile, tumbo mbali na kitovu. Palipo pekundu nisichome. Nisisugue. Doa likija, kitambaa cha baridi juu yake. Miezi ya mwanzo madoa ni kawaida, mengi hupungua. Likisambaa, akipata homa, twende wamwone. Uso ukivimba au pumzi ikibana, mbio hospitali, nisingoje kesho. Daktari naye akamkagua, akasema anaweza kuendelea.
"Kwa hiyo dawa haina kosa," Somoe akasema. "Kosa ni la muuza samaki."
Chumba kizima kikacheka. Mimi nilicheka tulipofika nyumbani.

Jumatano, 5 Novemba
Nimechora mapaja ya mke wangu humu daftarini. Na tumbo. Nimeandika namba, nisisahau wiki hii zamu ya wapi. Mimi ni wa darasa la nne, mchoro umetoka kama mihogo miwili na boga. Nikifa wajukuu wakalikuta, Mungu anisitiri.

Ijumaa, 7 Novemba
Amekubali kuchomwa mara moja tu. Ikiunguza kama zamani, anaacha kabisa.
Sindano ikakaa mezani kama mgeni. Nusu saa ni ndefu. Nilinyanyuka mara nne, akaniambia nikae. Tukazungumza. Siku za uchumba wetu Mikindani, nilivyompelekea kolekole mzima mama yake akamkataa kwa sababu jicho lilikuwa jekundu. Mama mkwe alikuwa na haki. Samaki alikuwa wa juzi.
Namba tatu, tumbo. Nimefinya, nimesukuma, nimetoa.
"Bado tu?"
"Nimemaliza."
Akanitazama kama nimemwibia kitu. Barafu nimeivunja mwenyewe, nimeiviringisha kwenye leso, nimemwekea. Mambo ya barafu sikufundishwa kliniki, mimi ni muuza samaki.

Jumapili, 9 Novemba
Doa lipo. Dogo, kama kipande cha limau. Linawasha, halimuunguzi. Hajasema ataacha. Hajasema ataendelea. Siulizi.

Ijumaa, 14 Novemba
Ameniacha nichome. Paja la kushoto. Kifungo hajakigusa. Nimekwenda shingo wazi. Hainiumi. Uongo, inaniuma.

Jumatano, 19 Novemba
Ameziona korosho juu ya kabati. Kandambili imenipata mgongoni. Alhamdulillahi.

Ijumaa, 28 Novemba
Nimetoka kuoga nikakuta sindano iko mezani. Kaitoa mwenyewe. Tukakaa nusu saa yetu. Namba tano. Barafu.
Nikavaa kanzu, nikasimama karibu na mlango, nikitafuta viatu ambavyo nilikuwa nimeshavivaa. Akaja. Vidole viliteleza mara mbili. Nikatazama dari. Mara ya tatu kifungo kikaingia.
Nimefika msikitini hotuba imeanza. Shingo ya kanzu ilinibana kidogo. Sikuilegeza.