Edie Hahitaji Leseni ya Kalamu

Barabara ya Boundary Tank,
Nje ya Coonamble,
New South Wales.
13 Agosti 2023

Mpendwa Shangazi Noreen,

Nakuamkia kwa heshima zote, ingawa ukifika ukurasa wa pili huenda ukauliza heshima hiyo imekwenda wapi. Goti linaendeleaje? Garth wangu anataka kujua kama daktari amekuruhusu kupanda ngazi au bado unapanda kwa kuiba. Sisi huku tu wazima. Asubuhi maji ya mbwa yanaganda, mchana tunavua masweta, na mvua hatujaiona tangu Juni.

Sasa ile simu yako ya mwezi uliopita, kuhusu kumtoa Edie shuleni. Nilikukatia kabla hujamaliza, na kwa kukata naomba radhi. Kwa niliyoyasema kabla ya kukata, siombi. Uliniambia, "Leanne, huyo mtoto utamfanya awe kama wewe." Nimelichukua neno hilo kazini wiki nne, na kila nguzo niliyopigilia nililipigilia pamoja nayo.

Kama mimi ni kama nani? Niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano, nikaanza na sururu ya kuazima. Leo nina malori mawili, mashine ya kupigilia nguzo, na kilomita elfu moja mia moja na arobaini za uzio katika miaka kumi na tisa. Hakuna mwenye shamba hata mmoja aliyewahi kuniomba cheti. Wananiuliza tu, "Lini utakuja?"

Wewe umefundisha miaka thelathini na saba, kwa hiyo sikuletei machozi, nakuletea hesabu. Basi la shule lilikuwa linamchukua Edie getini saa moja na dakika ishirini. Safari ni ya saa moja na dakika kumi kwenda, na hivyo hivyo kurudi. Zidisha kwa siku mia mbili za mwaka wa shule. Ni saa mia nne sitini na sita na zaidi kidogo, yaani siku kumi na tisa kamili, usiku na mchana, mtoto wa miaka minane amekaa akitazama kisogo cha kiti. Hata hivyo hilo tulilivumilia miaka mitatu, wala si basi lililotufanya tumtoe.

Kilichotufanya tumtoe ni swali moja. Mwezi wa tano walipewa karatasi: uzio wa mita mia moja ulionyooka, nguzo kila baada ya mita kumi, nguzo ni ngapi? Edie aliandika kumi na moja. Alipigwa alama nyekundu ya kosa. Jibu la mwalimu lilikuwa kumi.

Shangazi, mtoto huyu alijifunza kutembea kwa kushikilia nguzo zangu. Nafasi ni kumi, nguzo ni kumi na moja, kwa sababu hata mwanzo lazima uwe na nguzo, waya hauning'inii hewani. Nilikwenda shuleni na buti za kazi. Mwalimu wake ni msichana mpole, ana watoto ishirini na saba, simchukii. Alinifungulia kitabu. "Kitabu cha majibu kinasema kumi, Mama Edie."

"Basi hicho kitabu hakijawahi kuchimba shimo," nikamwambia.

Akaitwa mwalimu mkuu. Huyo alinisikiliza huku akitazama saa, kisha akasema, "Tunachomfundisha hapa pia ni kufuata maelekezo." Nikamuuliza, maelekezo ya kwenda wapi? Ile alama haikubadilishwa.

Hata hapo nilikuwa bado naweza kurudi nyumbani, nikapiga kelele jikoni, yakaisha. Wiki tatu baadaye nilifungua daftari lake nitafute barua ya safari ya kuogelea. Nikakuta ile kumi na moja imefutwa kwa raba mpaka karatasi imetoboka, na pembeni ya tundu ameandika kumi. Kurasa zilizofuata kulikuwa na maswali mengine matano ya namna hiyo. Yote alianza vizuri, akafuta, akaandika ya makosa, akapata tiki tano.

Nikamuuliza, "Edie, hapa ulikosea?"

"Hapana. Najua ni kumi na moja, Mama. Lakini kumi ndiyo inayopata tiki."

Alilisema kama anayenieleza hali ya hewa. Nilikwenda nje nikasimama na mbwa.

Unakumbuka meza yako ya jikoni, Shangazi? Mama alikuwa amefariki, nimehamia kwako nikiwa na miaka tisa, na nilikuwa nagawanya kwa njia yangu mwenyewe, majibu sahihi, njia siyo. Uliniambia, "Futa, Leanne. Andika anavyotaka mwalimu wako. Mwaka utaisha." Najua ulinipenda. Ulinivika, ulinilisha, hukunibagua na Therese wako hata siku moja. Lakini nilifuta miaka sita, kisha nikachoka kufuta, nikaenda kuchimba mashimo. Unaposema Edie atakuwa kama mimi, mimi naona alikuwa tayari njiani, tena kwa kupitia darasani.

Kuna na lile jambo la leseni ya kalamu, ambalo unalijua kuliko mimi maana umegawa vile vikadi kwa mamia. Mtoto aandike kwa penseli mpaka mwandiko unyooke, ndipo apewe leseni ya kutumia kalamu ya wino. Darasani kwake ishirini na wanne walikuwa nayo. Edie alikuwa miongoni mwa wale watatu wasio nayo. Jioni ile ile niliyoliona daftari nilimpa kalamu nyeusi kutoka kwenye lori. Akaniuliza, "Na nikikosea?" Nikamwambia apige mstari mmoja juu ya kosa, aandike tena chini yake. Raba zote za nyumba hii ziko kwenye kopo juu ya friji, na hapo zitabaki.

Tukaomba kibali cha kumsomesha nyumbani. Sheria ya huku ni kwamba mtoto aendelee kwenda shule mpaka kibali kitoke, na kabla hakijatoka mkaguzi aje nyumbani. Garth alitengeneza rafu. Mimi niliandika mpango wa kurasa kumi na nne, nikauandika tena. Nilikuwa na hofu, sitakuficha. Wangetukatalia, angerudi kwenye basi lile na daftari lile.

Mkaguzi alifika Jumanne iliyopita, Bwana Renshaw, mtu wa makamo mwenye viatu visivyofaa vumbi. Alisoma mpango wangu wote, akala vipande viwili vya keki ya tende. Edie alikaa mikono mapajani, na kila alipoulizwa kitu alinitazama mimi kwanza. Kitabu gani unasoma? Ananitazama. Unapenda nini? Ananitazama. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Kisha akamuuliza anafanya hesabu gani wiki hii. Edie akasukuma karatasi yenye mchoro wa zizi la mviringo tunalojenga kwa ajili ya farasi wa jirani. Mzunguko wake ni mita sitini, nguzo kila mita tatu. Mimi, kwa kiherehere, nikaingilia. "Nguzo ishirini na moja," nikasema. "Siku zote unaongeza moja."

"Ishirini," Edie akasema.

"Ishirini na moja, mpenzi. Kumbuka ile ya mwanzo."

"Mama, hili ni duara. Waya unarudi ulipoanzia. Nguzo ya mwanzo ndiyo ya mwisho. Ukiweka ishirini na moja utaiweka wapi, katikati ya geti?"

Garth alicheka mpaka akashika mlango. "Miaka kumi na tisa ya uzio, mke wangu, na umeshikwa na mtoto wa darasa la tatu!" Na nje, Shangazi, nguzo ishirini na moja zilikuwa zimeshapakiwa. Nilikuwa nimepigania ile "ongeza moja" kwa hasira zaidi ya miezi miwili hata nikasahau kazi yangu mwenyewe.

Bwana Renshaw hakunicheka. Alimuuliza Edie, "Huogopi kumwambia mama yako amekosea?"

"Amekosea," Edie akasema. "Sasa nimwambieje?"

Kibali kilikuja Ijumaa kwa barua pepe. Miaka miwili.

Usiniulize tena kuhusu wenzake. Jumamosi anacheza netiboli mjini, Alhamisi familia sita tunakutana ukumbini, na binamu zake hapa ni wengi kuliko ninavyotaka kuwalisha. Na si kwamba kila siku ni sherehe. Tahajia anaichukia, nami ndiyo usiseme. Juzi tulibishana nusu saa juu ya neno moja, wote wawili tumekosea.

Ndiyo maana nakuachia nafasi. Jumatano, saa nne asubuhi, kwa simu, nusu saa ya kusoma na tahajia. Hakuna ninayemjua anayefundisha vizuri kuliko wewe, na hilo ningelisema hata mbele ya yule mwalimu mkuu. Lakini sharti ni moja na halipunguzwi: humwambii afute. Ukikubali, sema. Ukikataa, tutaendelea bila wewe, na nitakupigia Krismasi kama kawaida.

Msalimie Therese, na Mjomba Alf umwambie ile koleo yake bado ninayo na bado siirudishi. Garth anakusalimu. Mungu akulinde wewe na goti lako, na akupe majira mema ya maua bustanini.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata nikiwa nimekasirika,

Leanne

Nyongeza: Edie anakuletea swali lake mwenyewe. Banda la kuku, mita kumi na mbili kwa sita, nguzo kila mita mbili kuzunguka pande zote. Ni nguzo ngapi? Anataka umjibu yeye, si mimi, na anasema uandike kwa wino.