Funga Mizigo, Alfajiri Tunaondoka

Kamembe, Cyangugu,
Tarehe 10 Julai 2003

Mpendwa mubyara wangu Uwamwezi,

Kabla hujaketi vizuri, ujue barua hii imeandikwa na mwanamume wa kutisha. Mimi Nasiri, fundi bati, mwenye darasa la tano na robo, bila bunduki, bila hata filimbi, nimehamisha mtaa mzima kwa sentensi moja. Majenerali wa pande hizi walihitaji mizinga. Mimi nilihitaji mdomo tu. Ukimaliza kunisonya, tusalimiane.

Assalaam alaykum. Hujambo wewe? Batoto hawajambo? Na yule bwana wako wa Tabora aliyeninyang'anya mke mchana kweupe, bado anakoroma? Mwambie sisi wabyara, watoto wa shangazi na mjomba tunaoitana mume na mke, hatusamehe. Siku nikija nitalala kitandani, yeye atalala jikoni na paka.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Si homa, ni kuchoka tu. Mchana nagonga bati za majiko ya makaa, usiku zamu ya irondo, tunazunguka kulinda mtaa na fimbo mkononi. Asubuhi redio inasema huko ng'ambo, Kongo, kuna amani mpya, jioni tunategea sikio ng'ambo hiyohiyo. Hata mbwa wa hapa wamechoka, wanabweka mara moja wanalala.

Sasa lile uliloniagiza wakati wa Idi. Ulisema nimpeleke mama yako, Shangazi yangu, kwenye maji ya moto ya Bugarama akachovye miguu. Unajua tangu tuliporudi kwa miguu kutoka kambi za Kongo, ile miguu haijawa yake tena. Akikanyaga cherehani asubuhi, jioni imevimba kama mikate, na asipokanyaga hapati kula. Ukaongeza kwamba na kichwa chake kipumzike, apate angalau siku chache bila kusikia neno vita. Nikakuahidi. Mimi nikiahidi mlima unasogea, unanijua.

Basi Alhamisi ya wiki iliyopita, kesho yake ikiwa konje, siku ya mapumziko ya tarehe nne, tulikuwa tumekaa kwenye karakana yangu tukilia uchovu. Nilikuwa mimi, Gisa wa pikipiki, na Delphin, yule kijana wa Bukavu anayelala kwetu tangu mambo ya kwao yalipoharibika. Akapita Papa Munyaneza na Daihatsu yake. Anashuka Bugarama alfajiri kuchukua mpunga, anarudi Jumapili, gari ni tupu.

"Wenye kutaka wapande," akasema. "Lakini mimi singoji muntu anayejipaka mafuta."

Mubyara, safari nzima ilipangwa chai haijapoa. Kulala, kwa bibi yake Gisa, Mama Nyiramahoro, kule Gikundamvura. Muziki, redio ya Delphin. Mimi nikatangaza kwamba nitaleta mwanamke. Wakashangilia, Gisa akapiga bati kama ngoma. Nikamtaja mwenyewe. Gisa akashusha bati.

"Shangazi yako?" Gisa akauliza. "Tunaenda konje na maman mwenye atatuuliza kama tumesali?"

"Atakaa mbele. Hata hatakuona."

Delphin ndiye aliyemaliza shauri. "Muache akuye. Mimi mama yangu iko mbali. Ata akinigombeza, kwangu ile itakuwa konje."

Jioni nikapita kwa Shangazi. Nilitaka kumshtukiza kwa furaha, na nilitaka pia kusema kama mkubwa anayetoa amri. Nikaingiza kichwa dirishani, yeye anapinda sketi ya mteja. Nikasema: "Shangazi, funga mizigo. Alfajiri tunaondoka. Usiulize." Nikamkonyeza. Kiza kikala lile konyezo langu lote. Yeye akatoa uzi mdomoni akasema, "Sawa, mwanangu." Nikaenda zangu napiga mluzi.

Wewe uko Tabora, ambako mtu akisema tunaondoka watu wanauliza arusi ni ya nani. Hapa hatuulizi. Hapa ukiambiwa funga, unafunga.

Shangazi akafunga. Akang'oa kichwa cha cherehani mezani, akakiviringisha ndani ya lile shitingi, turubai la plastiki la kambi, akakizika migombani nyuma ya nyumba kama marehemu. Akatia kwenye fundo unga wa muhogo, maharage, chumvi, na kofia ya marehemu baba yako. Juu ya fundo, sufuria. Kisha, kwa kuwa ni jirani mwema, akamnong'oneza Thacienne. Thacienne naye ni jirani mwema. Mtaa wetu wote, nakuambia, umejaa majirani wema.

Alfajiri tunaingia na Daihatsu, taa zinawaka, mimi nimesimama nyuma kama waziri. Nikaona magodoro yanatembea. Kuku wamefungwa miguu. Mzee mmoja ameng'oa mlango wa nyumba yake ameubeba mgongoni. Walipoona lori, wote wakajitupa mtaroni.

Papa Munyaneza akatoa kichwa. "Munakimbia nini?"

"Si weye umekuja kutuchukua?" Thacienne akajibu kutoka mtaroni.

"Mimi nachukua mpunga!"

Delphin akaanza kucheka, halafu akaacha. Mlango wa Shangazi ulikuwa wazi. Ndani hamna mtu, na nyumba imefagiwa. Mubyara, alifagia kwanza ndipo akakimbia.

Tukapanda watatu kwenye pikipiki ya Gisa tukateremka kuelekea mpaka wa Kongo. Tukamkuta chini kabisa, karibu na daraja la Rusizi, amesimama kati ya wanawake wa Bukavu wanaongoja kizuizi kifunguliwe, sufuria kichwani, miguu imejaa hadi kamba za viatu hazionekani.

Mimi, bingwa wa maneno, nilijificha nyuma ya Gisa. Delphin akapiga goti mbele yake.

"Maman, unaenda wapi?"

"Bukavu."

"Mimi nilitoka uko nikakimbilia kwenu. Sasa na weye unakimbilia kwetu? Tutapishana apa ku daraja, kila muntu na sufuria yake?"

Wale wanawake walicheka hadi mmoja akadondosha vitunguu. Shangazi hakucheka. Aliniangalia mimi.

"Kwa hiyo hakuna vita?"

"Hakuna, Shangazi. Ni konje."

"Konje." Alilitafuna kama chakula asichokijua. "Si ungelisema, mwanangu. Neno lenyewe fupi hivyo."

Papa Munyaneza akatufikia na lori, akampandisha mbele. Fundo alikataa kulitoa mapajani. Kufika migomba ya Gashonga alikuwa amelala, amelikumbatia.

Huko kwenye maji ndipo ikajulikana akili ya waandaaji wa safari. Gisa alikuwa amebeba mpira. Delphin redio. Mimi miwani myeusi. Chakula, kila mmoja alidhani mwenzake. Shangazi akatutazama mmoja mmoja, akafungua fundo, akaomba kuni. Tukala akiba ya vita kando ya maji ya moto, mpaka tukalamba sufuria. Sijawahi kula ugali mtamu kama ule, na aibu yake ilikuwa ndiyo mboga.

Halafu akaingiza miguu. Akakunja uso, akaachia pumzi, akafumba macho. Kumbe akalala papo hapo, ameketi. Kwa kuwa jiwe linateleza, tukamshika mikono kwa zamu asiingie majini. Delphin zamu yake ilipokwisha alikataa kuachia. Mimi nilikuwa nimejisifu kwamba naweza kuogelea pale panapochemka, nikajaribu kidole gumba. Usiulize.

Jioni Delphin akawasha redio, habari zikaanza, mji gani umeshambuliwa. Shangazi akanyoosha mkono bila kugeuka: "Leta betri." Akazifunga kwenye pindo la kanga mpaka Jumapili. Siku zile zote, kwa Mama Nyiramahoro na majini, hatukusikia vita. Tulisikia vyura, na Gisa akiimba, ambaye ni chura mwingine.

Miguu imepungua, mubyara. Anapanda ngazi ya msikiti bila kushika ukuta. Mtaani sasa naitwa Jenerali. Yule mzee amerudisha mlango wake juu chini, kitasa kiko magotini, na kila nikipita anafungua kwa kuinama ili tu nimwone.

Gisa na Papa Munyaneza wanakusalimu. Thacienne anasema utume kitambaa cha kufuta matope ya mtaroni. Delphin anasalimu kama mdogo wako, maana amemchukua mama yako bila kukuomba. Nisalimie batoto, nisalimie mama mkwe, na huyo mwizi wangu pia. Mungu awape nyumba ambayo mlango wake haujui kung'olewa, na usingizi ambao haubebi mzigo.

Nilitaka niishie hapo, niondoke nikiwa shujaa. Lakini nimeshachoka na kujisifu pia, na wewe ni binti yake.

Cherehani bado iko ardhini. Jumatatu nilienda na jembe, akasimama mbele ya migomba akasema, "Acha kwanza." Jumanne, acha kwanza. Jana vilevile. Wateja wanakuja, anawaambia mguu unauma, na mguu hauumi. Fundo tulilolimaliza amelijaza upya, unga, maharage, chumvi, liko nyuma ya mlango, na Thacienne anasema analala na viatu. Uliniomba nimpumzishe na vita, mimi nimemrudishia, tena wakati alikuwa ameshaanza kuvisahau na kupinda sketi za watu.

Mvua za Septemba zikija, kile chuma hakitangoja, kitaliwa na kutu. Kwa hiyo nakuomba, kwa mara ya kwanza bila utani: mwandikie unataka gauni, la mkono wake, la haraka. Usimwambie nimekuambia. Labda kwa ajili yako atanituma nilete jembe niifukue cherehani.

Maana kufunga nilimwambia mara moja tu. Kufungua nimemwambia kwa kila neno ninalolijua, na yeye ananijibu, "Sawa, mwanangu," kwa sauti ileile.

Ni mimi akupendaye, mume wako wa utani, Jenerali asiye na kazi,

Nasiri