Sikuja Kulinda Hema

Jumatano, 6 Agosti

Nimesema naenda. Basi.

Mama amepiga simu mara tatu. Ya kwanza kuuliza kama nimekula. Ya pili kuuliza kama hema lina sakafu. Ya tatu akafunguka: huko baharini kuna nini ambacho siwezi kukiona kwenye televisheni, nimekaa zangu kwenye kochi? Nikamwambia, Mama, chumvi. Akakata. Akapiga ya nne kunikumbusha sweta.

Jamani! Mwaka na miezi minne tangu nikatwe mguu wa kushoto, chini ya goti. Miezi mitano tangu nirudi kazini. Nasimama masaa manane mbele ya tanuri la mikate kwa mguu wa bandia, nabeba trei za moto, na meneja aliponiletea kiti nikakiwekea mfuko wa unga juu. Leo eti kulala kwenye hema wikendi moja ya sikukuu kutanishinda?

Mzigo nimefunga mwenyewe. Soksi sita za kigutu, plasta, poda, bisibisi ndogo ya kukazia kifundo. Fimbo — sitaitumia. Daftari hili.

Keshokutwa asubuhi Rubani anatupitia. Ndiye aliyekuwa kwenye usukani siku ile ya ajali.

Ijumaa, 8 Agosti

Tumefika. Tuko wanne: mimi, Muuguzi (rafiki yangu tangu darasa la pili), mumewe, ambaye namwita Shemeji, na Rubani. Hilo jina Rubani alilipata kwa mwendo. Zamani gari lake halikugusa lami. Leo kaendesha kama amebeba mayai. Baiskeli imetupita! Mzee na baiskeli yake, na gunia la makaa nyuma. Ningecheka, ila niliona alivyoukamata usukani, mishipa imemtoka mikononi.

Siku ile ilikuwa mvua, kona, na lori bovu lililoachwa barabarani bila taa. Polisi waliandika hivyo. Mimi nasema hivyo. Yeye hajasema kitu mpaka leo. Alitoka na mchubuko kwenye paji la uso, basi. Tangu hapo haniangalii chini ya mkanda. Nikishika ndoo, kaishika. Nikishika kigingi cha hema, kakichukua. Leo nimeshika kijiko — akanyoosha mkono! Nikamwambia, hiki nakiweza.

Hifadhi ni nzuri. Uwanja wa kambi una nyasi, bomba moja, vyoo viwili, na nyuma ya vichaka bahari yote. Getini tumepewa karatasi ya saa za maji kupwa na kujaa. Ng'ambo ya mkondo kuna rasi wanakotagia membe, ndege wa baharini, maelfu kwa maelfu. Maji yakipwa mtu anavuka kwa miguu. Yakijaa, havuki mtu. Mhifadhi mmoja anashinda ng'ambo kwenye kibanda, na saa kumi na moja jioni mashua humrudisha huku.

Jioni Muuguzi akapanga ya kesho. Rubani abebe maji. Shemeji abebe chakula. Halafu kwangu, kwa ile sauti yake ya wodini:

"Na wewe, mpenzi, utatulindia hema."

Mimi! Safari hizi nilikuwa naziongoza mimi! Mimi ndiye niliyekuwa nawavuta miguu waamke!

Shemeji akasema, "Hema linalindwa kwa nini? Kwani lina miguu?"

Akajishika mdomo. Muuguzi alimtazama mumewe kama anataka kumzika pale pale. Mimi nikacheka mpaka machozi. Peke yangu.

Jumamosi, 9 Agosti

Hawakwenda. Kwa ajili yangu!

Heri wangeenda. Wameamka wamekubaliana, wananiambia jua kali, eti tupumzike. Jua gani? Mawingu tupu. Tumecheza karata kutwa nzima. Na wananiachia nishinde! Rubani ana jike la shupaza mkononi, nimeliona kwa macho yangu, analificha ili nile mimi.

Mchana nikaenda kuchota maji. Nyuma ya ukuta wa vyoo nikawasikia. Rubani anasema hawezi, likinipata jambo tena yeye ndiyo basi, hatalala tena maisha yake yote. Muuguzi anamwambia ndiyo maana tukae naye karibu.

Tukae naye! Kama mtoto wa kuazimwa.

Nikamfuata Rubani baadaye, anafunga kamba za hema. Nikamwambia wazi: "Mimi sina kinyongo na wewe. Nilikwisha kukusamehe hospitalini, na hata hapakuwa na cha kusamehe."

Akasema, "Kigingi hiki kimelegea."

Hakikuwa kimelegea. Akakipiga nyundo mpaka kikazama chote. Sijui watakitoaje.

Nimekasirika kuliko siku ile daktari aliponiletea karatasi ya kusaini. Siku ile walau waliniuliza.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa kwenye kibanda cha mhifadhi. NG'AMBO!

Nianze mwanzo. Karatasi inasema maji yanapwa kabisa saa saba na robo. Saa sita na nusu nikasimama mbele yao, nimevaa kofia, chupa ya maji begani. Sikutoroka. Nikasema, "Navuka. Mnaotaka kuja, njooni."

Muuguzi: "Kaa chini kwanza tuongee."

"Tumeongea jana kutwa, hamkuniuliza lolote."

Nikaondoka. Nyuma nikasikia Rubani anasema mwacheni, ataishia kwenye mchanga. Ataishia kwenye mchanga! Asante, ndugu yangu. Maneno hayo yamenisukuma kuliko fimbo.

Mchanga mkavu ni balaa, kweli. Mguu wa bandia unazama, haujui kukunja vidole. Nikagundua nikanyage kwa upande, na nifuate mchanga wa majimaji. Jasho! Mkondoni maji yalinifika magotini. Fundi wa miguu aliniambia chumvi inakula skrubu. Na izile! Katikati nikateleza kwenye mwani nikakaa kitako majini, pwaa! Nikabaki nimekaa. Hakuna aliyenikimbilia. Hakuna aliyesema pole. Nikatafuta jiwe, nikalishika, nikainuka. Mara ya tatu ndipo nikainuka, niseme ukweli. Nilimtukana membe mmoja aliyekuwa ananiangalia.

Na huku sasa! Kelele! Harufu! Mayai yamelala juu ya mawe matupu, hata kiota hakuna. Unaweka mguu mmoja, unatazama, unaweka wa pili. Hapa kila mtu anatembea kama mimi.

Mhifadhi ni mama wa makamo, mabega mapana. Kanipa chai. Kautazama mguu wangu waziwazi, kwa raha zake, kisha akauliza, "Huo unaelea?"

Nikasema, sijui, tungeujaribu. Tumecheka.

Kigutu kimechubuka, kinawaka moto. Nimevua, nimepaka poda. Nikamwambia sitaweza kurudi kabla maji hayajajaa. Akasema nitarudi naye na mashua, nafasi ipo. Akaita kambini kwa redio: mgeni wenu yuko salama, anakunywa chai.

Saa tisa na dakika ishirini. Nasikia jina langu.

Rubani! Yuko upande ule, ameshika viatu mkononi. Nyuma yake Muuguzi ameshika kichwa, Shemeji anapunga kofia. Maji yameanza kujaa, mkondo umekwisha kuwa mpana.

"Usisogee! Nakuja kukuchukua!"

Nimepiga kelele asije mtu kunichukua, nina usafiri! Hakusikia, au amesikia. Ameingia. Magotini. Mapajani. Mhifadhi ametoka mlangoni amemwamuru arudi. Bado anakuja.

Nimevaa mguu wangu — bila soksi, unaniuma hasa — nimeshuka mpaka ukingoni. Daftari mkononi, nimesahau kuliacha. Tuko kama hatua ishirini sasa. Ananisikia vizuri.

Nimemwambia: "Sikiliza. Kama umekuja kunibeba, geuka sasa hivi. Kama umekuja kuwaona membe, njoo, chai ipo. Na ukitoka hapo majini uniangalie. Mimi mzima. Mpaka chini."

Amesimama. Maji yanamfika kiunoni. Viatu kaviinua juu ya kichwa kama mtu aliyekamatwa na polisi. Mhifadhi anasema ana dakika tano, zikizidi hapo anaita mashua.

Sikunyoosha mkono. Mkono unataka kunyooka, lakini nimeupa kazi, unaandika.

Hajageuka. Hajapiga hatua. Anatazama maji.

Sasa ameinua macho — ameanzia kwenye kofia yangu. Uso. Shati. Amefika kwenye mkanda.