Chuma cha Bruda Kimwagiwe Maji

Mama,

Shikamoo. Nimekwenda na Bruda Anselmi wa misheni kwenye kinu cha pamba kuchukua betri ya redio iliyokuwa ikichajiwa. Cheo changu rasmi ni kuipakata garini isimwagike. Lazima turudi kabla ya saa sita, maana ndipo hospitali ya Kahama itakapotuambia kwa redio kama dada Klara amejifungua salama.

Maharage yako mekoni, yaongeze maji. Na kile chuma cha redio kilichochimbiwa nyuma ya chumba cha Bruda kimwagie ndoo nzima. Udongo ukikauka, sauti haifiki mbali. Maji, Mama! Asubuhi nimemkuta Bibi akikimwagia pombe ya mtama. "Huyu Mzungu kila siku anatambikia wazee wake kwa maji matupu," akaniambia, "ndiyo maana redio yake inakohoa."

Nilicheka mpaka Bruda akatokea. Nikatazamia hotuba ndefu ya sayansi. Yeye akamwamkia Bibi, akapokea kibuyu, akamimina iliyobaki.

"Hii ni kwa ajili ya Klara," akasema taratibu.

Kicheko kikaniishia. Usimkaripie Bibi. ~~Mimi siogopi.~~ Nisubirini, tusikilize pamoja.

Kitindamimba wako,
Salvina