Mahari ya Katibu wa Afya

Ipagala, Dodoma
14 Agosti 2007

Dada Ritha mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tabora, wewe, shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha yule mdogo kimetulia. Mimi mwili ni mzima, ila vumbi na upepo wa Agosti si unavijua. Roho ndiyo haijatulia. Ningekupigia simu, lakini vocha ingekwisha kabla ya hasira.

Jumamosi iliyopita wazee wa mchumba wangu Geofrey, naye mwenyewe akiwamo, walifika nyumbani Kibakwe kumaliza mazungumzo ya mahari. Mimi na mama tulikuwa jikoni, na unajua ukuta ule: wakinong'ona sebuleni, sufuria zinasikia. Baba alitaja ng'ombe kumi na wawili. Mshenga alipouliza mbona wamepanda kutoka wanane waliozungumzwa mwanzo, baba akajibu kwamba binti yake si wa kuishia darasa la saba. Ni katibu wa afya, ana digrii, na hospitali nzima inamsubiri asaini ndipo dawa zinunuliwe.

Dada, nilibaki nimeshika mwiko. Digrii ipi aliyoilipia baba? Wewe ni shahidi. Barua ya kuitwa chuoni ilipokuja, alisema mtoto wa kike ni wa nyumba ya watu. Ng'ombe wakauzwa, kaka Sila akanunuliwa mashine ya kukamua alizeti. Nauli yangu ilitoka kwako, kwa vitenge ulivyouza. Yaliyobaki yote ni mkopo wa serikali niliousaini kwa mkono wangu, nikala maharage ya mkopo na kulala kitanda cha mkopo mpaka nikamaliza. Leo digrii imekuwa yake.

Tena ngoja. Mjomba wa Geofrey, Mzee Yotham, mhasibu mstaafu, akatoa kikokotoo mfukoni. Kwa upole, kama anayesoma somo kanisani, akasema digrii wanaiheshimu, ila digrii yenyewe ina deni. Akataja mshahara wangu, akataja makato ya kila mwezi, akasema makato hayo yataendelea miaka minane. Muda wote huo, akasema, mwalimu wa cheti asiye na deni atapeleka nyumbani karibu sawa na mimi. Sasa deni alilokopa msichana akiwa kwa baba yake linahamiaje kwa mume? Akaomba baba alilipe, la sivyo ng'ombe washuke hadi watano.

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba mshahara ni wangu na makato ni yangu. Hesabu ile naijua, dada, naifanya kila ninapopokea mshahara. Najua mwenye shamba la zabibu Makutupora ananizidi mwaka ukimkubali, na sioni aibu. Lakini ni hesabu yangu ya kuamua maisha yangu, na wao wameichukua wakaifanya bei.

Mama alifunika wali, akasema polepole, "Wasikuumize kichwa. Mimi walinikagua viganja, kama vimezoea jembe." Kisha akageukia moto. Sebuleni wakakubaliana ng'ombe saba, wakapeana mikono.

Jioni nilimwita Geofrey nje, karibu na zizi. Nilimuuliza mjomba wake alijuaje makato yangu, maana hati ya mshahara nilimwonyesha yeye peke yake, siku tulipokuwa tunapanga kodi ya nyumba. Hakuficha. Alisema wazee walimwuliza naye akawaambia, wala hakuona ubaya, kwani mahari ikipungua fedha inabaki kwetu.

"Ulikuwa umekaa mle ndani," nikamwambia. "Ulisema nini?"

"Niliwaheshimu wazee, Brightness. Ulitaka niseme nini?"

"Useme niitwe."

Akacheka kidogo, akasema bibi harusi haitwi kwenye kikao cha mahari. Si mtu mbaya, dada, na hilo ndilo linaloniuma.

Sasa nikwambie nililokuwa nalizungukia tangu mwanzo. Michango uliyokusanya, nakuomba uwarudishie wenyewe, na usishone tena sare. Jumapili kabla ya ibada nilimwambia baba kwamba harusi haipo. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza nani atarudisha ng'ombe wa kishika uchumba, maana ameshawauza na kuezekea bati. Nikamjibu nitawarudisha mimi. Nilikwenda mwenyewe kwa Mzee Yotham, akakubali niwalipe kidogo kidogo, kisha akauliza kama nitaweka na riba. Nilimwambia riba akamdai mpwa wake, aliyetoa siri yangu bure.

Basi nimebeba deni juu ya deni, na usiku naogopa, sitakudanganya. Baba hasemi nami. Shangazi amepeleka ujumbe kwamba elimu imeniharibu. Kazini nasaini makaratasi kama kawaida, hakuna anayejua.

Safari yako ya Oktoba usiivunje. Harusi haipo, lakini mimi nipo. Njoo tukae.

Msalimie sana shemeji, na watoto uwabusu kwa niaba yangu. Mungu awalinde.

Ni mimi mdogo wako,
Brightness