Nilikwenda Kukaa na Waliofunga Barabara

Jumanne. Ukungu umekataa kuondoka, na kichwa changu kimejaa maswali.

Barabara ya kuingia shambani kwetu bado imefungwa. Magogo ya mikaratusi yamelazwa mbele ya geti la kampuni, na nyuma yake wamekaa akina mama na wazee wa Kipsigis, na mablanketi yao na chupa za chai. Wanasema ardhi hii yote ya majani chai ilikuwa ya babu zao kabla mzungu hajawafukuza, na wanataka irudi.

Mimi ni mwalimu wa nasari humu ndani. Ni Mjaluo, lakini nilizaliwa kwenye nyumba hizi za wafanyakazi, na baba alichuma chai hii mpaka mgongo ukamkatalia. Tangu magogo yawekwe, kila mtu huku kwetu anawaongelea hao watu. Sijasikia hata mmoja aliyekwenda kuongea nao.

Mume wangu, Otieno, anafanya kazi kiwandani. Asubuhi nilipomwambia nataka kufika getini, aliweka kikombe chini.

"Mama Akinyi, unaenda kutafuta nini? Hao wakishinda, sisi tunapakia vyombo. Umesahau vile tulikimbia ule mwaka wa fujo za uchaguzi?"

Sijasahau. Nilienda hata hivyo.

Nilidhani wangenifukuza. Bibi kizee mmoja alijisogeza akanipa nafasi kwenye gogo. Wote wanamwita Kogo, yaani nyanya, basi nami nikamwita hivyo. Alinimiminia chai, akaniuliza ninaishi wapi. Nilipomwambia, aliinua fimbo akaonyesha bondeni.

"Unaona pale maji inashuka? Boma ya mama yangu ilikuwa hapo. Walichoma nyumba, wakapeleka watu kule chini Soin kwa joto, ng'ombe ikakufa. Mimi nilizaliwa huko. Mama alikuwa ananileta hapa barabarani, ananionyesha na kidole. Kuingia, hapana."

Pale alipoonyesha ndipo huwa nawapeleka watoto wangu wa nasari wakacheze.

Nimepita kando ya maji yale tangu utotoni. Sikuwahi kujiuliza nani aliyachota kabla yetu.

Mchana ikafika pikapu imejaa magunia ya majani mabichi. Mwenyewe ni Langat, mkulima mdogo kutoka upande wa Kiptere, Mkipsigis kama wao, na alikuwa anapeleka chai yake kiwandani. Kwanza aliomba kwa upole. Kisha sauti ikapanda.

"Hata babu yangu alifukuzwa hapa! Lakini hii majani ikilala leo, kesho ni nyeusi. Mnapigana na kampuni ama mnapigana na mimi?"

Wakabishana kwa Kikipsigis. Mama mmoja kijana alishika ncha ya gogo kama anayetaka kulivuta. Kogo akatikisa kichwa.

"Tukifungulia mmoja, tumefungulia wote," alisema kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie.

Langat akafungua gunia moja baada ya jingine, akaimwaga chai yote barabarani. Akageuza gari akaondoka bila kutuangalia.

Hakuna aliyeshangilia. Kogo aliinama, akaanza kuyasogeza majani kando kwa mikono yake ili yasikanyagwe. Nikainama nikamsaidia. Mpaka sasa vidole vyangu vinanukia.

Hapo ndipo nilipouliza, na hata mimi nilishtuka kuisikia sauti yangu. "Kogo, mkipata hii ardhi, mimi nitaenda wapi?"

Nilitaka aniambie nitabaki. Au basi aniambie nirudi kwetu, niweze kumkasirikia. Aliniangalia, mikono imejaa chai.

"Sijui, mtoto wangu. Hiyo hatujaongea. Lakini wewe, wewe mwenyewe unataka ukae wapi?"

Nikaokota konzi nyingine ya majani.

Ningesema Nyakach, nyumbani kwa baba, lakini kule huwa naenda kwa mazishi tu, na watoto wa binamu zangu hunisalimia kama mgeni. Ningesema hapa hapa. Lakini hapa ninalala kwenye nyumba ya kampuni, na siku Otieno akistaafu tutarudisha ufunguo.

Nina umri huu wote, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Si baba, si kampuni, si mume. Ameniuliza mwanamke aliyenifungia barabara.

Otieno aliporudi kutoka kazini alikuwa bado amekasirika. Akauliza hao watu wamesema nini.

"Wameuliza nataka kukaa wapi."

Alicheka. Kisha kicheko kikamwishia, akavua viatu polepole, kimoja, halafu kingine.

"Na ukawaambiaje?"

Nikaweka sufuria motoni. Tumekaa jikoni, sufuria ikichemka, kila mtu na lake. Najiuliza kama yeye ana jibu ambalo hajawahi kunipa kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Kukicha nitarudi kule kwenye magogo, nikiwa na jibu au bila. Otieno amesema atanisindikiza. Mpaka kona ya zahanati tu, amesema, si zaidi.