Sukari kwenye Kaptula ya Jenerali

Shemeji Omari,

Pokea salamu za mgonjwa wako. Hapa kliniki ya Oud Metha kiyoyozi kitaniua kabla ya moyo.

Jana, kwenye kiti cha magurudumu pembeni yangu, nilimkuta Kanali wetu wa kambini, sasa jenerali mstaafu. Kwa kuwa siku zangu ni chache, nilikiri kwake: mimi ndiye niliyetia sukari kwenye wanga wa kupigia pasi ili kaptula yake ing'ae, chungu sungusungu wakampanda katikati ya gwaride, nawe ukavuliwa tepe la ukoplo kwa kosa hilo.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Lakini Omari ndiye aliyecheka."

Basi nusu ya kosa ni ya meno yako, shemeji. Nusu yangu nisamehe upesi, nikiwa bado nasikia.

Msalimie dada.

Salum